Kinu cha Mama Kimerudi

Jumanne, 7 Mei 2024
Leo kwenye klabu ya Kiingereza nimesoma kama redio! Ulimi kati ya meno, pumzi haikatiki. Prof Ruphin, mwalimu wetu, akafunga macho kwa utamu. Kasongo yote hakuna wa kunishinda.
Kisha akauliza. Mama wa ndani ya hadithi amefagia nyumba, amegawia jirani kuku zake, amefunga mulango. Anataka kufanya nini? Nikajibu: kufunga mulango! Wakacheka wote, hata wale wa kugugumia.
Victorine, anayesoma polepole kama konokono, akasema: anahama. Imeandikwa wapi? nikamuuliza. Haikuandikwa, akasema, lakini iko.
Iko wapi? Uchawi!

Alhamisi, 9 Mei
Victorine amenisindikiza mupaka kwetu. (Sawa — mimi ndiye nilimusindikiza.) Anasema kinywa changu kinasoma, kichwa kinalala. Nisiangalie tu kile mutu amefanya, niulize kwa nini amekifanya. Nikamwambia: basi profeseri, unanipenda? Akasema: tafuta ndani ya teksti, kama hadithi ya Prof. Eeh!
Akataja dada yake anayekaa mbali, Salamabila, ana duka, kazi ni nyingi na yuko peke yake... Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa naangalia shingo yake.

Jumamosi, 11 Mei
Asubuhi Victorine ameleta kinu cha mama. Kinu! Walikiazima, kikakaa kwao tangu mavuno ya mupunga, na hapa kwetu kinu hakirudi mupaka mwenyewe akifuate na kelele. Ameleta na ungo wetu, na mukeka wetu. Mama akasema: mutoto huyu ana adabu. Mimi nikamutania: leo umetubu? Akamupa mama mukono kama mugeni, akaenda. Yeye!
Tukakaa kula. Tonge nikalirudisha kwenye sahani. Kinu, ungo, mukeka — vyote, siku moja. Kama kuku za mama wa hadithi! Salamabila! Nikakimbia bila kunawa.

Jumamosi hiyo hiyo, mulangoni kwao
Valizi yake, sanduku la nguo, iko nje. Mwenye moto, yule wa pikipiki ya kumupeleka, anapiga honi, analalamika njia ni mbali.
Nikasema: usiende. Victorine: nani amekuambia naenda? Nikajibu: haikuandikwa, lakini iko. Akacheka, machozi yakamutoka. Prof angenipa kumi juu ya kumi!
Amekaa juu ya valizi. Naandika, daftari juu ya goti, ananiuliza naandika nini. Kama anataka kubaki, hasemi.
Honi tena.
Lakini amevua viatu.