Ghala Lililokataa Kuisha

Kolandoto, Jumapili jioni

Jamani, mume wangu! Kesho anarudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Akishindwa atarudi kuchimba dhahabu Geita, nami naogopa sana yale mashimo.

Leo nilimpa y = 12 − 3x. Ghala lina madebe kumi na mawili ya mahindi, kila mwezi tunakula matatu; x ni miezi, y ni madebe yaliyobaki. x ikiwa sifuri? "Kumi na mbili," akajibu upesi. Nikasema, "Sasa y iwe sifuri."

"Mke wangu, ghala la Msukuma liishe? Watatucheka!"

"Liishe kwenye karatasi tu, mpenzi. Sitamwambia mtu."

Akacheka, akaandika x = 4, akachora, mstari wake ukakata mihimili yote miwili panapotakiwa. Nilimbusu, wino wa vidole vyake ukanipaka shavuni. Sijanawa.

Ee Mungu, kesho asiogope sifuri.