Tumbaku Hukaushwa kwa Nini?

Alhamisi. Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Kuni zimelowa, na godoro limelowa upande wa ukuta.

Naogopa. Niandike, huenda hofu ikapungua.

Jana alikuja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu wa ofisi ya mitihani, akatukuta kwenye darasa la kisomo hapa kwenye kituo cha kukaushia tumbaku ya kijiji. Darasa lenyewe ni banda la kufungia majani ya tumbaku. Tunasukuma vijiti pembeni, tunakaa. Mwalimu wetu alimtambulisha kuwa ni Ndugu Rehema. Alikuwa na karatasi za maswali. Akasema tusiwe na hofu, hakuja kutupima sisi, amekuja kuyapima maswali.

Masanja, Mnyamwezi wa Puge ninayelala naye chumba kimoja, akauliza kwa sauti, "Kumbe maswali nayo yanaumwa?"

"Mengine yanaumwa sana," akajibu yule mama. "Na daktari wao ni mashine."

Akatueleza polepole. Majibu yetu yatatobolewa kwenye kadi, na kadi zitalishwa kompyuta huko Dar, pamoja na majibu ya watu wa Usinge, wa Ipuli na wa kwingineko. Kompyuta hiyo imepewa maagizo ya hesabu, wenyewe wanayaita programu. Inatazama kila swali peke yake: lina uzito gani, ni rahisi kiasi gani kulipata kwa kubahatisha, na je, linamtenga anayejua na asiyejua? Kama wanaoyaweza maswali mengine wanaanguka kwenye hilo moja, na wanaoanguka kwingine kote wanalipata, basi ubovu ni wa swali. Linatupwa kabla ya mtihani wenyewe.

Nilipenda kusikia hivyo. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwetu Ungoni, na tangu hapo kila swali lililonishinda, mbovu nimekuwa mimi.

Swali la mwisho liliandikwa hivi: Tumbaku hukaushwa kwa nini? Chini yake mstari mtupu wa kujaza.

Nilifurahi, maana hili nalijua. Nikaandika: ili isioze, na ipate rangi na harufu ya kuuzika. Nafasi ilikuwa ndogo, nikabana herufi.

Masanja husoma kwa kukokota kidole. Lakini kwenye kitabu chetu cha kisomo kuna mstari usemao tumbaku hukaushwa kwa moto, naye ameukariri. Akaandika: moto.

Tulipomaliza, mwalimu akatuambia lililotakiwa ni moto. Walikuwa wanauliza kitu kinachokaushia. Mimi nilitoa sababu, na kila mtu mle bandani anayesoma bila kukokota kidole alitoa sababu.

Mambo yangeishia kwenye kicheko. Ila kazi ya kuchuma inakwisha, na Jumamosi msimamizi wetu, Bwana Nassoro, atasoma majina ya vibarua watakaobaki kulisha moto mabanini. Sisi tunaita bani kile chumba kirefu cha kukaushia tumbaku. Wasiotajwa watapewa tiketi ya treni. Bwana Nassoro ni mtu wa Tabora mjini, wa zile familia za Kiarabu zenye maduka, mtu mzima asiye na makelele. Amehamishiwa hapa juzijuzi, hajaniona nikifanya kazi ya moto. Alikuwa amesimama mlangoni. Karatasi zilipokusanywa aliziomba, akafunua ukurasa wa mwisho tu, moja baada ya nyingine.

"Ndugu, hayo ni ya majaribio," mama akamwambia. "Hayasemi lolote juu ya mtu mpaka mashine iyaone."

"Mashine unayo wewe. Mimi nina tumbaku."

Akanigeukia. "Wanasema wewe ndiye mtu wa bani. Hebu niambie kwa mdomo, tumbaku hukaushwa kwa nini?"

Ulimi ukanitangulia. "Ili isioze, bwana."

Banda zima likacheka. Yeye hakucheka. Alikunja karatasi yangu vizuri, akairudisha.

Nilimfuata Ndugu Rehema mpaka kwenye gari. Akaniambia jibu langu ni halali kwa jinsi swali lilivyoandikwa, na kwamba yeye mwenyewe analishuku. Lakini shuku yake haitoshi, lazima mashine ione karatasi nyingi kwanza, na hilo litachukua miezi. Nikamuuliza, ikishaona? "Tutalitupa swali," akasema. Kisha akapanda gari. Simlaumu.

Mke wangu amehamishiwa kijiji kipya cha Ujamaa. Nyumba yetu huko ni miti mitupu. Nimemwambia nikitoka kwenye moto nitarudi na mabati. Yeye anaamini.

Leo mchana Masanja amekuja, akakaa juu ya kuni bila salamu.

"Mtani, Bwana Nassoro amenidokeza. Bani la mwisho, pale njia ya zamani ya wapagazi inapopita, nitapewa mimi."

Uso wake haukuwa na furaha. Masanja ni mchumaji. Moto wa bani hajawahi kuulisha hata kwa saa moja.

"Kwani moto unaongezwa lini?" akauliza.

"Jani likishakuwa njano lote. Ukiharakisha linabaki na kijani, hakuna wa kulinunua."

"Na likidondokea kwenye yale mabomba ya bati ya kupitisha joto?"

"Linawaka. Na bani zima linawaka."

"Ninyi Wangoni mnapenda kutisha watu," akasema, lakini alikuwa anafuta viganja kwenye suruali.

Nikamwambia twende wote tukaseme kweli. Akatikisa kichwa. "Wewe umekosa, mimi nimekariri. Atatupandisha treni moja, mtani. Nami nina watoto."

Hapo ndipo nilipo. Nikimfundisha, namkabidhi nafasi yangu kwa mkono wangu. Nikinyamaza, atawasha moto asioujua chini ya jani la kijiji kizima, naye akiwa pale mlangoni. Nimeshaona bani likiungua. Lilikwisha kabla watu hawajafika na ndoo.

Nikienda kusema swali lilikuwa bovu, Bwana Nassoro ataniuliza nani kasema hivyo. Nani? Mashine haijalishwa hata kadi moja.

Sitazungumzia swali.

Kesho asubuhi, kabla hajagawa kazi, nitakwenda ofisini kwake. Nitamwomba anisimamishe mbele ya tanuri, moto ukiwaka, aniulize atakacho, na Masanja naye aulizwe. Nimemwambia Masanja. Amegeukia ukuta, na najua hajalala.

Huenda nitakwenda peke yangu. Nitaanza na shikamoo. Baada ya hapo sijui.