Usiingie Tena Bandani kwa Njiwa

Binti yangu,

Nimegonga mlango wako, hukufungua. Chai iko kwenye chupa. ~~Walishe njiwa kabla hujaenda kazini.~~ Hapana, nimefuta. Usikanyage bandani kabisa, jirani atawalisha.

Jana daktari aliniambia kikohozi changu kinatokana na vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa, na mapafu yameanza kukakamaa. Nikambishia, "Mbona jirani anafuga miaka yote na hakohoi?" Akasema si kila mfugaji huugua. Wengine huzaliwa na mwili usiostahimili vumbi hilo, na huenda mzazi akamrithisha mwanawe. Nikakuficha, nisikutie hofu.

Asubuhi hii nikakusikia ukifagia banda huku unakohoa, kikohozi kikavu kama changu. Nilipokupokonya ufagio na kukufokea, hukuwa na kosa lolote. Niliogopa tu, mama.

Nimetangulia hospitali kuomba nawe upimwe leo. Njoo saa nne. Usijikaze eti ni mafua, maana hata ukaidi umeutoa kwangu. Ninunie ukipenda, lakini njoo.

Baba yako