Kidole Tumbo cha Esnah

Gesima,
11 Mei 1971

Ndugu Mwakio,

Pokea salamu za nyumbani kwetu. Mvua imerudi na chai inachumwa. Simu ya maandishi niliyokupelekea ilisema tu kwamba mchumba wako amefariki, kwa hiyo nakueleza yaliyobaki.

Dada yangu Esnah aliumwa tumbo upande wa kulia. Daktari alitaka kukikata kidole tumbo siku hiyo hiyo, ila baba alipaswa kutia sahihi. Daktari hajui Kigusii, nikawa mkalimani. Baba aliuliza kiungo hicho kina kazi gani. Daktari akajibu kwamba hakina kazi, ni mabaki ya enzi wazee wetu walipokuwa wanyama wa kula majani. Nilitafsiri neno kwa neno, kama nifanyavyo gazetini.

Baba akarudisha kalamu.

"Omobari, mpasuaji wetu wa jadi, alinipasua kichwa nikiwa kijana, akatoa mfupa, nikapona," akasema. "Lakini hakuniita mtoto wa nyani. Mungu hakuweka takataka tumboni mwa binti yangu."

Tulimbembeleza siku mbili. Alipotia sahihi, kilikuwa kimeshapasuka.

Ningemwambia tu kwamba kimeoza, angekubali siku ile ile. Sikumwambia, na ni haki yako kulisikia jambo hilo kwangu.

Juzi, baada ya mazishi, aliniuliza, "Kitu kisicho na kazi kimemuuaje mtoto wangu?"

Nikaanza kumweleza.

"Wacha," akasema. "Umetafsiri vya kutosha."

Njoo ukipata ruhusa kazini. Baba atakupokea.

Shemeji yako,
Obadiah