Siku Meza ya Ukumbi Ilipoimba

Babati, Jumapili, Julai 1985

Baridi leo haina adabu. Upepo wa mlima Kwaraa unapiga mabati tangu alfajiri, na vumbi la barabara kuu limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, ambalo kwa bahati nzuri lilikuwa tupu. Nimevaa sweta, nikajifunga kanga mbili juu yake, na bado vidole vinagoma kushika kalamu. Lakini nisipoandika leo nitapasuka.

Jana nimemsikia Shaibu wa Lulu Saba akipiga gita. Si redioni. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa.

Asiyenijua atashangaa: mwanamke mzima, mpiga chapa wa ofisi ya utamaduni, mama wa mtoto wa darasa la sita, anatetemeka kwa ajili ya mpiga gita. Acha ashangae. Orchestra Lulu Saba nimeipenda tangu niko Morogoro sijaolewa, na Baba Rehema alinioa hivyo hivyo, akijua. Kila Jumamosi, kipindi cha nyimbo mpya kikianza, hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Nina madaftari sita. Kila wimbo nimeuandika: siku niliousikia, nani kaimba, nani kapiga solo, na alama zangu juu ya kumi. Ni mkali kuliko mwalimu wa hesabu.

Betri zikichoka nazianika juu ya bati, kando ya mboga za kukausha. Zikipata jua la kutosha zinafufuka kwa wimbo mmoja na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayouma.

Niseme ukweli, nyimbo mpya za mwaka huu hazijanikosha. Nyingi zinatuhimiza tulime, utadhani hapa Babati kuna mtu asiyelima. Nyingine gita linakimbilia mwisho kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Lakini "Usinipimie kwa Kisoda" ya Lulu Saba niliipa tisa na nusu, na nusu niliyobana ni kwa sababu redio ilizimika kabla saksafoni haijamaliza kusema.

Na santuri ninayo moja tu maishani, ile kubwa yao ya nyimbo nane, "Nimeacha Mlango Wazi". Kaka yangu aliinunua Nairobi kabla mpaka haujafungwa. Gramafoni sina. Naitoa kwenye jalada lake, naipangusa, naitazama mistari yake, nairudisha. Ukiniuliza santuri bora kuliko zote nitakujibu hiyo bila kusita, na nimeisikia mara mbili tu, kwa jirani, huko Morogoro.

Basi mwezi uliopita ikaja habari kwamba Lulu Saba wako ziarani Arusha na watapita hapa wakielekea Singida. Nilimng'ang'ania bosi wangu, afisa utamaduni, mpaka akachoka kuniona. Akakubali wapige bugi, dansi la Jumamosi alasiri, katika ukumbi wetu, kwa sharti moja: nitafute dizeli ya jenereta. Mji hauna umeme, na magitaa ya bendi bila umeme ni mbao tu. Nilipiga chapa barua tano za kuomba kibali. Sijawahi kupiga chapa vizuri vile. Alhamisi likaja dumu moja la lita ishirini, likapita katikati ya soko juu ya mkokoteni, mchana kweupe, Babati nzima ikiliona. Bosi akaenda kikaoni Arusha, akaniachia ufunguo wa stoo. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, kiunoni, na nikalala nao.

Jana saa sita mchana lori lao likafika. Wanamuziki walikuwa weupe kwa vumbi. Nilikuwa nimemchora Shaibu kichwani miaka yote hiyo: mrefu, kifua mbele, suti. Akashuka mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, na maneno mengine yote niliyoyaandaa yakanipotea.

"Marahaba, binti. Umeme upo?"

"Upo, mzee."

Wakaanza kupanga vyombo. Nikakaa mlangoni mwa stoo nikilinda dumu langu. Saa nane akaja Baba Neema. Ni mkulima wa Singe, mke wake ndiye anayeniletea maziwa. Alikuwa amelowa jasho katika baridi hii, na baiskeli yake imejaa matope ya bondeni.

"Mama Rehema, habari za mchana. Mama Neema ameshikwa na uchungu tangu jana asubuhi. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, tumpeleke hospitali ya misheni kule juu. Gari la padre lipo, halina dizeli. Nimeambiwa hapa ipo."

Nikamwambia haipo.

Ningependa kuandika kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilifikiria miaka yote ya kuweka sikio kwenye kiredio kinachokoroma, nikafikiria kwamba bendi kama hii hairudi mara mbili kwenye mji kama huu. Nikasema tena, polepole, "Haipo, Baba Neema. Imekwisha." Ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu. Mimi ambaye Rehema alinichukua siku mbili kuzaliwa, na uchungu wake nausikia mpaka leo nikikumbuka.

Alinitazama. Dumu aliliona kila mtu, kwa hiyo na yeye aliliona. Hakubisha.

"Haya, Mama Rehema. Asante."

Aliniambia asante. Akageuza baiskeli, akaondoka.

Ndani ya ukumbi yule wa saksafoni akaanza kujaribu chombo chake. Alikuwa anapiga mwisho wa "Usinipimie kwa Kisoda", kile kipande chenyewe nilichokatiwa na betri. Nilikingoja miezi minne. Na sikusikia kitu. Naapa, kiliingia masikioni kikawa sawa na mtu anayekwangua sufuria. Nikaogopa sana. Niliona kwamba hata wakipiga mpaka kesho, nimeshaharibikiwa.

Nikakimbia. Alikuwa bado hajafika kwenye mashine ya kusaga. Niliita "Baba Neema! Baba Neema!" mpaka watu wakatoka madukani. Tukarudi, nikafungua stoo, tukalifunga dumu kwenye keria kwa mpira. Nikamwambia, "Nimekumbuka, ilibaki kidogo." Hata hapo nikaongeza uongo juu ya uongo. Safari hii aliondoka mbio.

Kisha ikabidi nikamwambie Shaibu. Sijui nilivyofika jukwaani. Nikamweleza yote isipokuwa kipande cha aibu. Wenzake wakaanza kuguna, mmoja akasema turudishe vyombo kwenye lori tuwahi Singida. Shaibu akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Ni uzazi wa ngapi?"

"Wa tatu, mzee."

"Basi tusipoteze mwanga."

Watu walikuwa wanaingia tayari: walimu, makarani, wafanyabiashara wa sokoni, wakulima waliotoka Bagara na nguo zao za kanisani. Tarumbeta na ngoma zilikuwa na sauti zao, waimbaji vilevile. Magitaa ndiyo yalikuwa msiba. Shaibu akapiga nyuzi, ikatoka sauti ya mbu. Vijana wakacheka. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

Akateremka jukwaani na gita lake shingoni, akaanza kuzunguka ukumbi akigonga vitu kwa kifundo cha kidole. Akagonga mlango. Akagonga benchi. Akagonga mimbari ya hotuba, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye ile meza kubwa ya mikutano, ya mninga, yenye droo tatu kila upande, akagonga na akatulia. Akasema droo zitolewe zote. Meza ikabaki sanduku tupu. Akavuta kiti, akakaa, akaliegemeza gita juu ya meza, mbao kwa mbao, akagusa uzi mmoja.

Meza ikaimba.

Sijui niandikeje. Meza ile nimeiona miaka saba. Nimeipangusa, nimeiwekea vikombe vya chai, nimesinzia juu yake wakati wa hotuba. Ilikuwa na sauti hiyo ndani yake wakati wote na hakuna aliyejua. Ilitoka nene, tamu, haikuwa kubwa lakini ilifika. Wale vijana waliocheka wakasogea mbele.

Wengine wakajipunguza ili wamfuate. Wa tarumbeta akachomeka kanga yangu moja kwenye mdomo wa chombo, wa saksafoni akageukia ukuta, wa tumba akapiga kwa ncha za vidole. Wakaanza mtindo wao wa Pakua Taratibu, na jina likawa limepata maana yake. Watu wakainuka kucheza, na hapo hapo gita likapotea. Viatu! Katambuga za matairi zinakwaruza saruji, raizoni za zamani zenye soli nene zinagonga, huwezi kusikia kitu. Shaibu aliendelea tu. Akatoka mama mmoja wa makamo, wa Maisaka, mwenye viatu vya ngozi ambavyo ni dhahiri ndivyo pekee alivyonavyo. Akainama, akavivua, akaviweka kwa ukuta. Akarudi kucheza miguu mitupu juu ya saruji ya Julai.

Mwingine akavua. Kisha wote. Viatu vikajipanga ukuta mzima kuanzia mlangoni, na watu mia na zaidi wakacheza bila kishindo, wakisikiliza. Sijawahi kuona watu wakicheza huku wanasikiliza. Kwa kawaida tunacheza huku tunapiga kelele. Nilisikia nyayo zikiteleza, nilisikia watu wakipumua, na juu ya hayo yote gita, kila uzi mahali pake.

Niliweka kiganja juu ya meza. Shaibu akaniona, akaniachia. Solo ya "Nimeacha Mlango Wazi" ikapanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Ndipo nilipojua mambo ambayo redio haikuwahi kunipa. Kwamba kati ya ubeti na ubeti anaguna chini chini, anaimba peke yake. Kwamba vidole vikihama, uzi unalia kidogo. Kwamba pale ninapopapenda kuliko pote, anafumba macho, naye pia. Nililia bila aibu yoyote, na mama aliyekuwa pembeni yangu akanifuta kwa kitenge chake na kuendelea kucheza.

Tangu msichana nimekuwa nikigawa alama. Jana nilijiona mdogo sana. Kitu kama kile hakipewi alama, unakaa tu na kushukuru.

Wakamaliza jua lilipozama, kwa kuwa hapakuwa na taa. Vurugu ya kutafuta viatu gizagiza ilikuwa kichekesho cha peke yake. Baba Rehema amerudi nyumbani na katambuga mbili za mguu wa kulia, na leo asubuhi ameenda nazo kanisani hivyo hivyo.

Lakini si furaha tupu, na hapa lazima niwe mkweli. Katikati ya kila wimbo nilikuwa namwona Mama Neema barabarani, kwenye mashimo yale. Nilikuwa najiuliza dakika zile nilizozila mimi zilikuwa za nani. Usiku sikupata usingizi. Asubuhi sala hazikupanda.

Leo baada ya misa ya pili Baba Neema amekuja. Alisimama mlangoni. Akasema wamempasua, mtoto ni wa kiume, wote wawili wazima, mama ameshakunywa uji. Akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikuweza kuupokea.

"Baba Neema, jana nilikudanganya. Dizeli ilikuwepo."

"Najua. Niliiona Alhamisi ikipita."

"Sasa mbona hukusema? Mbona uliniacha?"

Ni mtu asiyependa kusema mengi, na Kiswahili anakitoa neno moja moja, kama anachagua mbegu.

"Nilijua utaniita, Mama Rehema. Ndiyo maana sikupanda baiskeli. Nilikuwa naikokota."

Amekunywa maji, ameaga, amekwenda. Mimi bado nimekaa hapa. Mke wake yuko kati ya kufa na kupona, yeye anakokota baiskeli njiani ili anipe mimi nafasi.

Yeye alijua nitamwita. Mimi sikujua.