Kikohozi Nilichokikata

Mama,

Jumanne iliyopita daktari wa kifua alisema mapafu ya Zaituni yameanza kuharibika. Njia za hewa zimebana, kinga ya kifua imechoka, na sehemu iliyokwisha kuharibika haitarudi. Nilimwomba arudie ili niandike sawasawa, akarudia. Zaituni alikuwa amekaa katikati yetu, ameshika ule mkoba wako wa kahawia, anatazama sakafu. Ana miaka thelathini na minne.

Nakuambia wewe kabla ya wengine. Ulikuwa hupendi kusikia habari za watoto wako kwa jirani.

Tangu tulipokuzika mwaka juzi, mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, mambo machache yamebadilika. Zaituni amechukua pipa lako pale kwenye mashine ya kukamulia mawese, upande ule ule wa ukuta. Hakuniuliza. Siku moja nilipita nikamkuta anachochea moto, kitenge chako kiunoni. Mzee Kabwe, mwenye mashine, ameezeka bati juu ya mapipa yote ili wanawake wasinyeshewe. Alifanya kwa nia njema na watu wakamshukuru. Lakini moshi uliokuwa ukipanda juu sasa unagonga bati na kurudi usoni. Kuni zimezidi kuwa mbali. Mafundi wa katambuga wa hapa Ujiji bado wanaleta magunia ya mabaki ya matairi wanayobaki nayo wakishakata ndala, na bado yanawaka vizuri kuliko kuni mbichi. Dumu lililopasuka bado ndilo la kuwashia.

Zaituni alianza kukohoa mwezi wa tatu wa kazi. Mwanzo alisema ni vumbi. Kisha akasema ni mafua. Kisha akapata nimonia, akapona, akapata nyingine. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kifua kikuu. Nilipoona hivyo nikakumbuka daftari zako za hospitali.

Zipo tatu, ulizifunga kwa mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya Zaituni ya utotoni. Nilizisoma zote asubuhi moja, kwa utaratibu, kama ninavyosoma ripoti yoyote. Kila msimu wa mvua una nimonia yako. Kila nimonia ina dawa yake. Makohozi yalipimwa mara tatu, safi mara tatu. Sikuona uzembe wa mtu. Walitibu walichoambiwa. Na juu ya ukurasa wa kwanza wa kila daftari, kwa mwandiko wa watu watatu tofauti, pameandikwa: Kazi, mkulima.

Hukuwa mkulima, Mama. Hukuwa hata na mchikichi mmoja. Ulinunua ngazi, matunda ya mchikichi, kwa watu wa Ilagala, ukazichemsha kwenye pipa kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, ukapeleka kwenye mashine. Lakini huku kwetu ukiulizwa kazi dirishani unasema mkulima. Fundi baiskeli anasema mkulima. Anayeanika dagaa anasema mkulima. Ni jibu la heshima, halina maswali nyuma yake, na foleni inasonga. Kupika mawese hakuna aliyekuona kama kazi ya kuandikwa; ni shughuli tu ya kina mama.

Mara mbili nilikaa pembeni yako ulipoulizwa. Mara mbili nilikusikia ukisema mkulima. Mimi ninayelipwa na redio kuuliza watu maswali, nilinyamaza, nikatazama simu.

Kwa hiyo Jumanne nilijiandaa. Muuguzi alimuuliza Zaituni kazi yake, naye akajibu bila kufikiri, "Mkulima." Nikamwambia asimulie anachochoma. Akanigeukia: "Kaka, hapa wewe ni msindikizaji. Redio umeiacha nje." Muuguzi akacheka. Alikuwa amekwisha kuandika.

Ndani, daktari alisoma neno lile akauliza, "Mkulima wa nini?"

"Wa michikichi."

"Unayo mingapi?"

Zaituni aliuvuta mkoba magotini. "Sina hata mmoja, daktari. Napika mawese."

"Kwa kuni?"

"Kuni zikipatikana."

"Zisipopatikana?"

Nilitaka kujibu. Nilijizuia, kwa sababu nilijua nikijibu mimi, mwezi ujao akija peke yake atasema tena mkulima. Nilihesabu matofali ya ukutani. Nilifika kumi na saba.

"Matairi," akasema. "Na madumu. Wote tunachoma, si mimi tu."

Daktari akakata neno mkulima kwa mstari mmoja. Akaandika upya, mistari minne. Kisha akampa mrija wa kupuliza. Zaituni alipuliza mara tatu, na kila mara daktari aliinua uso kutoka kwenye mashine akasema, "Toa yote." Zaituni akasema ndiyo yote.

Maelezo yake nayaweka hapa kama nilivyoyapokea, kwa sababu wewe hukupewa. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia uchafu kuupandisha juu ili tuuteme. Moshi wa mpira na plastiki unavipooza. Uchafu unashuka. Chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, kuna chembe hai za kinga ambazo kazi yake ni kumeza kila kitu kigeni kinachoingia, vumbi au vijidudu. Zikimeza masizi kila siku hujaa. Vijidudu vikija, hazina nafasi wala nguvu. Mwili ukiona hivyo unaita kinga nyingine kwa wingi, nazo zinavimbisha njia za hewa na kuharibu hata palipokuwa pazima. Mafua ambayo kwa mtu mwingine yangeishia puani, kwake yanashuka kifuani. Ndiyo maana nimonia zilikuwa zinarudi. Dawa zilikuwa zinaua vijidudu vya mwaka ule, na wewe ulikuwa unarudi kwenye moshi.

Zaituni akauliza kuhusu kijiko cha mawese. Unakumbuka ulivyotupanga mstari jioni, kila mmoja kijiko kimoja cha mafuta ya moto, tuoshe moshi kifuani? Wewe ulikunywa viwili. Daktari hakumcheka. Alisema, "Mawese yanakwenda tumboni, mdogo wangu. Moshi haukupita huko." Zaituni alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Nadhani lile ndilo lililomuumiza kuliko majibu ya kifua. Miaka yote ile ulidhani umetukinga.

Kuna jambo jingine, na hili ni langu.

Unakumbuka nilipokuja na kinasa sauti kurekodi kipindi cha wanawake wa mawese. Ulizungumza dakika kumi na moja, umesimama kando ya pipa, hukutaka kukaa. Kituoni nilifanya ninachofundisha vijana wapya: nikasafisha sauti. Kila ulipokohoa nilikata, nikaunganisha sentensi kabla na baada, hata mshono usisikike. Ilikuwa kazi nzuri. Kipindi kiliporuka ulikisikiliza na jirani zako, ukanipigia simu ukicheka: "Baba, umenifanya nizungumze kama msichana." Nililichukua kama sifa.

Rekodi nzima ninayo bado. Niliifungua Jumatano. Umekohoa mara ishirini na tisa. Katika dakika ya nane unasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tairi linashika moto vizuri, ila linakaa kifuani," kisha unakohoa, kisha unaendelea na habari ya bei ya ngazi. Niliikata ile sentensi pamoja na kikohozi, kwa kuwa vilikuwa vimeshikana. Ulisema, Mama. Ulimwambia mwandishi wa habari, akiwa amewasha kinasa.

Zaituni sasa hachomi tairi. Anatumia makapi ya ngazi na kuni kavu, na kazi yake inachelewa hadi alasiri. Wenzake wanamtania kwamba amekuwa bibi daktari. Lakini pipa la kushoto linachoma tairi na la kulia linachoma tairi, na bati ni moja. Daktari alimwambia wazi: dawa ya kuvuta itamfungulia njia za hewa, haitamlinda na moshi wa jirani. Akiendelea kukaa mle, atakufuata. Akitoka, hana kazi nyingine anayoijua, na wewe unajua nyumba nzima inakula kwa pipa lile.

Siku tuliyokuzika wanawake wote walizima moto. Niliporudi kutoka makaburini nilipita pale kuwashukuru na sikupatambua. Ziwa lilionekana lote, hadi kule Bangwe, na milima ya Kongo ng'ambo. Mama mmoja alikuwa amesimama anatazama, akaniambia amepika pale miaka mingi na hakujua kwamba unaweza kuona maji ukiwa umesimama kwenye pipa. Kesho yake wakawasha.

Siwezi kukuahidi kwamba Zaituni atapona. Daktari hakuahidi na mimi sina mamlaka ya kumzidi. Naahidi mambo mawili. Hatasema tena kwamba ni mkulima nikiwa nimekaa pembeni nikitazama simu. Na sauti yako sitaikata tena. Zaituni ameomba kikao na wanawake wa mashine, Mzee Kabwe amekubali kuja, na ajenda ni mbili: matairi, na lile bati, kama linaweza kufunguliwa katikati moshi upite. Zaituni ataongea kwanza. Kisha nitawasha rekodi yako, dakika zote kumi na moja, na kila mmoja pale atakisikia kikohozi chake mwenyewe ndani ya chako. Sijui wataamua nini. Wanawake wale wana watoto wa kulisha kama wewe ulivyokuwa nao.

Pumzika, Mama. Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana na hewa safi.

Kikao ni Ijumaa hii, saa nane na nusu, baada ya swala. Mapipa yatakuwa yamezimwa.

Mwanao,
Hamisi