Mtoto Asiyeshtuka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko kazini, nikitumaini kifua kimeacha kukusumbua. Huku hatujambo, ila Mama anauguza goti na wifi anauguza upweke.

Uliagiza niache migomo nishike vitabu. Nimevishika, mkono mmoja watosha. Wa pili niliuinua wakubwa walipotangaza kuifunga kliniki ya watoto ya mtaani, wakidai hospitali kuu inatosha. Nikauliza: inamtosha nani? Mama aliyejifungua juzi, atembee hadi huko na kichanga mgongoni?

Hotuba yangu niliifanyia mazoezi sebuleni, nikinguruma na kupiga meza kando ya kitanda cha mwanao. Akalala fofofo. Tulicheka, Mama akasema kamrithi babu yake kwa upole, wifi akasema mtoto ameshazizoea siasa za shangazi.

Siku ya mkutano nilimbeba hadi klinikini, wakubwa wamwone wanayemnyima huduma. Nilipomaliza kufoka, nesi wa mizani aliniuliza kama mtoto huwa hashtuki hivyo kila mara. Nikajibu kwa fahari kwamba huyu ni jasiri, damu yetu. Hakucheka. Alisimama nyuma ya mtoto, akatikisa manyanga karibu na sikio hili, kisha lile. Mwanao akaendelea kuutazama mdomo wangu.

Kaka, mwanao hasikii. Wifi alimpeleka hospitali kuu, mashine zikathibitisha. Ameshindwa kukuandikia, anaogopa ukoo utasema kaleta mkosi. Nimemwambia atakayesema hivyo atanikuta mlangoni. Daktari anasema akipata vifaa vya masikio mapema, nasi tukijifunza lugha ya alama, atasoma na kucheza kama wenzake. Mafunzo ni pale pale kwenye kliniki ya mtaani, ambayo ingali wazi wakati wakubwa wakitafakari, na walimu wanamtaka baba pamoja na mama. Hili silidai jukwaani, nakuomba: chukua ruhusa, uje. Wifi anaihitaji sauti yako kuliko yangu.

Mama anakusalimu, goti na yote. Nesi amenifundisha alama ya baba, nami kila asubuhi humwonyesha mwanao picha yako, kisha ile alama. Leo aliutazama mkono wangu, akaitazama picha, akaugeukia mlango.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniita
Kipaza Sauti